Kengele Kwenye Kiti cha Dirishani

Genivaldo Tavares hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Angekuwa mbaya wa kuzaliwa, watu wangemtema mapema na kuendelea na kahawa yao. Lakini alikuwa mtu wa kawaida kabisa wa Campina Grande: kitambi cha wastani, mke mwenye sauti, timu ya mpira inayomvunja moyo kila msimu, na mwezi wa Juni, kodiani zikianza kulia na mioto ya Mtakatifu Yohana ikiwashwa mbele ya nyumba, alicheza na kila mwanamke wa mtaa isipokuwa yule aliyekwenda naye. Alikuwa fundi wa programu. Si zile za picha na rangi ambazo watu huzipapasa kwenye simu. Zake zilikuwa za chini kabisa, zinazosemezana na mashine yenyewe, ambazo hakuna anayejua kama zipo mpaka siku zinapokatika.

Alizaliwa Cariri, kwenye nchi kavu, ambako mvua ikinyesha watu hutoka nje kuisalimia. Baba yake alifuga mbuzi. Mzee alipokufa, kaka zake waligawana mbuzi, dada yake akachukua nyumba, na Genivaldo, kwa kuwa ndiye aliyesomeshwa, akaambiwa fungu lake alikwisha kulipata. Wakampa kengele ya mbuzi aliyekuwa akiongoza kundi: chuma kizito kilichoingia kutu, na mkanda wa ngozi wenye harufu isiyotoka hata kwa sabuni. Akaipeleka kazini na kuitundika msumarini, juu ya chupa ya kahawa.

Kazini kwenyewe kulikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kampuni iliitwa Aroeira na ilitengeneza programu za kuendesha pampu za maji kwenye miji midogo ya bara. Ya kwanza aliiandika Genivaldo mwenyewe, enzi hizo akiwa bado na nywele. Na alikuwa na imani moja aliyoihubiri asubuhi na mchana: programu ikijigundua imepotoka, isiendelee.

“Hesabu zake hazikai, sawa? Sasa nani aiambie isimame?” aliwauliza vijana huku akitafuna, maana alipenda kufundisha akiwa anakula. “Tungoje mteja apige simu? Ijiambie yenyewe. Programu yenye adabu haingoji kuuawa.”

Huko ndani ndivyo mambo yalivyo. Kila programu inayofanya kazi hupewa namba na mashine. Anayetaka kuisimamisha hutuma ishara kwenye namba hiyo. Na programu yenyewe nayo inaweza kujitumia. Inataja namba yake, inatuma ishara ya kufa, inakufa. Programu mama iliyoizaa ikiona mtoto kafa, inazaa mwingine mwenye akili safi, na pampu haina hata habari.

Katika imani hiyo ndimo desturi ya kengele ilimozaliwa. Yule ambaye kazi yake imeangusha pampu mahali alitakiwa awahi asubuhi kabla ya wenzake, aitoe kengele ilipo, aifunge kwenye mgongo wa kiti chake. Basi. Hakuna kikao wala kuulizana. Kengele ilikaa hapo mpaka mkosaji mwingine aje kuichukua, na kila mwenye kiti alipoegemea ililia, na ofisi nzima ikajibu, “Meee!” Mwiko ulikuwa mmoja tu: kumfungia mwenzako. Watu siku zote huulizana nani atamfunga paka kengele. Pale Aroeira paka alijifunga mwenyewe, na mzee Abelardo, mwenye kampuni, hakuwahi kumfukuza aliyejifunga. Ukishachekwa, umesamehewa.

Ila kule kuchekwa Genivaldo alikutia chumvi. Mtu akishajifunga kengele, yeye ndiye aliyemshika asimwache. Hakuna aliyemshika kama alivyomshika Jussara.

Jussara alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi hodari kuliko wote waliokuja baada ya Genivaldo, na Genivaldo alilijua hilo, na labda ndiyo sababu. Aliacha mshahara mnono Recife akarudi Campina Grande kwa ajili ya mama yake. Mama huyo, Dona Creuza, alikuwa amepofuka uzeeni. Ndani ya nyumba yake alitembea kama mwenye macho: jiko hapa, bomba pale, kizingiti cha uani inua mguu. Walipojaribu kumhamishia Recife alianguka akitafuta choo, akavunjika nyonga. Kwa hiyo binti ndiye aliyehama. Na kazi ya Aroeira ndiyo iliyomwezesha kukaa, kwa sababu mji huu una mafundi wengi lakini wote wanajuana, na anayefukuzwa kwa aibu huku hapokelewi kule.

Yote hayo Genivaldo aliyajua. Alishakula nyumbani humo mara nyingi, nyama ya mbuzi na kuskusi ya mahindi, na yule bibi alimtambua kwa kikohozi chake tangu akiwa ngazini. Lakini mara ya kwanza Jussara alipojifunga kengele, Genivaldo alivuta kiti chake karibu kabisa.

“Binti, nasikia Recife walilia ulipoondoka.”

“Kweli walilia, Mzee Geni?”

“Kwa furaha.”

Wakacheka. Angeishia hapo. Hakuishia.

“Sasa niambie ukweli. Mama haoni, hilo tunalijua. Na wewe unaandika umefumba macho? Ni mambo ya ukoo?”

Edmilson, mchekeshaji wa ofisi, akaanza kucheka na wengine wakamfuata, maana kutocheka kungekuwa kumshtaki mzee. Jussara aliegemea kiti kwa makusudi, kengele ikalia, akasema “meee” yeye mwenyewe kabla hawajawahi kuisema. Siku ile ilipita. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kisha mzee Abelardo akachoka, akauza kampuni kwa watu wa São Paulo, nao wakamleta Dokta Otaviano aiongoze. Hakuwa daktari wa kitu chochote; huku kwetu mwenye tai anaitwa Dokta. Alileta viti vipya vyeusi, vyote sawasawa, kengele ikarudi msumarini, akabadilisha na mpangilio wa kazi. Programu ya pampu alimkabidhi Jussara, pamoja na meza ya dirishani iliyokuwa ya Genivaldo tangu kampuni inaanza. Genivaldo akawekwa karibu na jikoni, atunze “mambo ya zamani.” Ilimuuma, akajifanya haikumuuma. Lakini miguu haina unafiki. Asubuhi baada ya asubuhi aliingia, akaenda moja kwa moja hadi dirishani, akasimama, akarudi.

“Mzee, huko si kwenu tena,” Edmilson alimpigia kelele. “Ulishaachwa, bado unapita nyumbani kwa mke wa zamani!”

Walicheka, na yeye akacheka nao. Mazoea yana taabu.

Mwaka huo huo ndipo ilipotokea ya Riacho do Umbu, mji mdogo wa bara. Pampu zilisimama zote isipokuwa moja, nayo ikawa inajizima na kujiwasha kama inayotaniwa. Mji ulikauka wakati wa joto kali. Watu walipanga ndoo barabarani, wakapigana. Zahanati ya kusafisha damu ya wenye figo mbovu, isiyofanya kazi bila maji, iliwapakia wagonjwa kwenye basi kuwapeleka mji mwingine, na mmoja wao, mshona viatu mwenye watoto wadogo, hakufika akiwa hai. Meya akapiga simu Aroeira akiwa anapiga kelele, na hakuna aliyemlaumu.

Jussara ndiye aliyeipata sababu. Hakuitangaza. Alimwita Genivaldo kwenye duka la mikate lililo ng'ambo ya barabara, akafungua kompyuta yake katikati ya vikombe.

“Mtoto mmoja alipata vipimo vya kijinga kutoka mtoni,” alisema. “Akafanya unavyotufundisha. Akaamua kujiua.”

“Mtoto mwenye adabu.”

“Akatuma ishara. Aliyekufa ni mama.”

Genivaldo aliacha kutafuna. “Imewezekanaje?”

“Mama akizaa anajinakili mzima mzima, na kila alichonacho mfukoni. Aliyeandika hii alimfanya mama aulize namba yake mara moja tu, mwanzoni kabisa, akaihifadhi. Mtoto akazaliwa nayo mfukoni, akadhani ni yake. Akalenga kifua chake, risasi ikampata mama. Mama kafa, hakuna wa kumfufua. Mtoto kabaki hai na akili yake mbovu, anachezea pampu.”

Hapo Genivaldo alipasuka kwa kicheko hadi muuza mikate akageuka.

“Nani huyu ng'ombe? Namba unauliza upya! Kila mara unauliza upya! Hata mbuzi wa baba yangu wasingeandika hivi. Mtu anazaliwa na kitambulisho cha mama yake, anaenda nacho kupiga kura! Hebu niambie, ni Edmilson? Ni Edmilson huyu, namjua. Nitamfunga kengele mbili, ya mbele na ya nyuma.”

Jussara alimwacha acheke mpaka amalize. Kisha akaisogeza kompyuta upande wa mzee, akafungua nakala ya zamani ya programu, akaweka kidole pembeni ya mstari, mahali palipoandikwa jina la aliyeuandika. Lilikuwa jina la Genivaldo. Mstari ulikuwa wa zamani, wa zile siku za nywele. Miaka yote haukumdhuru mtu kwa sababu hakuna mtoto aliyewahi kutaka kujiua mpaka mto ulipoharibu vipimo.

Nyani haoni kundule, lakini Genivaldo alilazimishwa kulitazama. Uso ulimshuka. Akamfikiria mshona viatu, akasukuma kikombe mbali.

“Umemwambia nani?”

“Sijamwambia mtu. Kengele hafungi mtu mwingine, sheria uliiweka wewe. Mstari nimeshaurekebisha leo asubuhi, sasa mtoto anauliza upya kila anapotaka kujiua. Yaliyobaki ni yako, Mzee Geni.”

“Kesho asubuhi,” alisema Genivaldo. “Watanicheka mpaka Krismasi.”

“Nitaanza mimi. Nimekuwekea maneno tangu siku ile ya macho.”

Akamtazama aone kama kasamehewa. Alikuwa amesamehewa. Na aseme mtu lolote, Genivaldo alikusudia kweli. Aliondoka pale akiwa mtu aliyekwisha kuamua, na jioni alikula vizuri.

Asubuhi alifika duka la vitambaa likiwa bado halijafunguliwa. Akapanda, akafungua kwa ufunguo wake, akaitoa kengele msumarini. Akili yake yote ilikuwa kwenye mzaha: atajisemaje, aanze na upara au aanze na kitambi, amwige vipi Edmilson kabla Edmilson hajamwiga. Kwa Riacho do Umbu angeomba radhi bila mzaha, hilo nalo alilipanga. Huku akipanga, miguu ikampeleka ilikozoea. Akaufunga mkanda kwenye mgongo wa kiti cheusi, kwa kifundo alichofunzwa na baba yake, kinachokaza kadiri mbuzi anavyovuta, akashuka mtaani. Pembeni mwa barabara kuna mama anayeuza tapioka, chapati za muhogo zenye jibini. Genivaldo alikula akiwa amesimama, akaongeza nyingine, akamsimulia yule mama habari za mpira. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kuungama.

Aliporudi juu, watu wote walikuwa wamesimama dirishani.

Mwanzo hakuelewa. Aliiona kengele, akaona na kiti, akaona dirisha nyuma ya kiti, na Jussara amesimama kando na mkoba bado begani. Ndipo akatambua ni kiti gani alichokifunga. Alitaka kucheka. Alifungua kinywa aseme, jamani, angalieni upumbavu wa uzee. Lakini Dokta Otaviano alikuwa ameshaanza.

“Hii ni ofisi au zizi? Nini hii?”

Edmilson, ambaye mdomo wake haujawahi kumsubiri, akajibu. “Ni desturi yetu, Dokta. Aliyeangusha pampu anajifunga mwenyewe. Hakuna anayemfungia mwenzake.”

“Kwa hiyo mwenye kiti hiki ndiye aliyeiangusha Riacho do Umbu.”

Edmilson akaona alichokifanya. Akageukia chupa ya kahawa kama ndiyo kwanza aione.

“Mimi sikuifunga,” alisema Jussara.

“Nani kaifunga?”

Jussara alipepesa macho chumbani, akamkuta Genivaldo mlangoni na jibini kwenye masharubu. Akaelewa papo hapo. Hata alitaka kutabasamu, kwa sababu kwa kweli ilichekesha, na alikuwa hajui bado yatakayofuata.

“Mzee Geni,” alisema, “hebu mweleze Dokta.”

Dokta Otaviano alimgeukia. “Ndiyo, nieleze wewe, maana kengele nasikia ni yako. Meya anataka jina leo kabla ya chakula cha mchana, na mwenye jina hilo anatoka leo hii, na sitamwandikia barua ya sifa. Simfukuzi mtu kwa uvumi. Hii desturi ni kweli, au ni mchezo?”

Genivaldo alikuwa amebakiza kidogo tu kustaafu. Aliufikiria mstari wake wa zamani, akamfikiria mke wake, akaufikiria umri wake ukipita milango ya ofisi za vijana kuomba kazi. Dona Creuza alimjia pia akilini, lazima isemwe, na kizingiti cha uani, na ile sauti yake akisikia kikohozi: “Geni, ingia, mbuzi yuko mezani.” Alimwona wazi kabisa. Halafu akajibu.

“Ni kweli, Dokta. Kila mtu hujifunga mwenyewe.”

“Hajawahi mtu kumfungia mwingine?”

“Kwa makusudi? Hajawahi.”

Hakusema uongo hata neno moja. Waoga wakubwa hawasemi uongo, hawauhitaji.

“Angalia jina kwenye mstari, Dokta,” alisema Jussara. “Mstari ulioua mama una jina la mwandishi wake.”

Waliufungua. Jina lilikuwepo: Jussara. Ndiye aliyeurekebisha jana, na mashine humwandika aliyegusa mwisho. Alijaribu kueleza kwamba chini yake kuna mstari wa zamani, kwamba ukirudi nyuma utaona, lakini Dokta Otaviano hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

“Programu ya pampu ni ya nani?”

“Yangu. Tangu mlipotugawa. Lakini…”

“Inatosha.”

Chumba kizima kilimfahamu Genivaldo. Kilimwona kila asubuhi akienda dirishani na kurudi, kikamcheka kwa hilo hilo. Edmilson alijua, akawa anakoroga kikombe kitupu. Hakuna aliyefungua mdomo. Kila mmoja alikuwa na kiti chake cha kukilinda, na vyote ni vyeusi, na vyote ni sawasawa.

Jussara alikusanya vitu vyake: kikombe, kandambili za ofisini, picha ya mama yake akiwa bado anaona. Kengele hakuigusa. Alipofika mlangoni Genivaldo alikuwa bado amesimama palepale, ikabidi wapishane.

“Namba ya zamani, siyo, Mzee Geni?” alisema polepole. “Hata kuuliza hukuuliza.”

“Binti, mimi…”

“Futa masharubu. Una jibini.”

Dona Creuza alihamishwa kabla ya mwaka kwisha. Waliomwona huko Recife wanasema hatoki kitandani. Anaogopa kuteremka kwa sababu hajui sakafu inaishia wapi. Huwa anauliza kwa nini Geni hakuja kuaga. Jussara anamwambia Geni ana kazi nyingi.

Na ni kweli anazo. Dokta Otaviano alimrudishia programu ya pampu, akamrudishia na meza ya dirishani. Kiti ni kilekile. Kengele ipo mgongoni, kifundo kimekaza, na kwa sheria aliyoiweka yeye mwenyewe haiwezi kuondolewa ila na mkosaji mwingine atakayejitokeza kuichukua. Tangu siku ile hakuna aliyejitokeza. Pampu zimeanguka mara kadhaa, kila mtu akamtazama mwenzake, wakangoja itafutwe sababu ya umeme. Kuikata yeye hathubutu, kwa maana wangemuuliza ya nini aikate kengele ya kosa lisilo lake.

Ule mstari wa Jussara unafanya kazi vizuri. Mtoto akipotoka anauliza namba yake, anajibiwa, anajiua, mwingine anazaliwa, na maji yanakwenda. Genivaldo huyaona yote hayo kwenye kioo cha kompyuta yake. Halafu mgongo humuuma kwa uzee, anaegemea, kengele inalia ofisi nzima, na hakuna hata mmoja anayesema “meee.”